Goma: Kabla ya kununua mashine ya plasma, fundi apime kwanza umeme na hewa

Katika ateliye nyingi za vyuma za Goma, Bukavu na Butembo, sauti inayotawala tangu asubuhi ni ile ya mashine ya disiki. Kijana anainama juu ya toli, cheche zinaruka hadi barabarani, wapita njia wanakwepa. Baada ya muda disiki imeisha, toli bado haijakatika nusu. Ndiyo sababu mafundi wengi wa kusudire wanaulizia sasa mashine ya kukata chuma kwa plasma. Video zake zinazunguka katika vikundi vya WhatsApp: fundi anapitisha torshi juu ya toli ya milimita sita, nayo inaachana kama sabuni mbele ya kisu.

Video hizo hazionyeshi kinachokuwa nyuma ya fundi: waya mnene wa umeme, kompresa yenye nguvu, chujio la hewa, na kisanduku cha vipuri. Patro wa ateliye anayenunua mashine peke yake anaweza kufika nayo nyumbani, kuiwasha mbele ya wanafunzi wake, na kuona disjonkteri inaruka kabla toli haijatoboka.

Kwa ateliye inayoishi kwa portaye, madirisha na mbabula, hilo si jambo dogo. Pesa za mashine ni akiba ya miezi mingi, mara nyingi zinatoka kwenye likelemba. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, kupata mkopo kumekuwa kugumu zaidi. Na mashine iliyopita Guangzhou au Dubai, ikashukia Mombasa au Dar es Salaam, ikalipiwa forodha mpakani, hairudishwi kwa mwenye kuiuza kama kilo ya mchele mbovu.

Moto unaotoka kwenye hewa

Kwanza tujue tunanunua nini. Plasma ni gesi iliyopashwa joto kali mpaka ikaanza kupitisha umeme. Ndani ya torshi kuna elektrodi na mbele yake kuna mdomo mdogo wa shaba wenye tundu jembamba. Hewa yenye presha inapita katikati, umeme unaruka, na ule mwale unaotoka tunduni unafikia joto la nyuzi 20.000 na zaidi. Umeme unarudi kwenye mashine kupitia koleo la masse lililobanwa kwenye toli. Joto linayeyusha chuma, hewa inasukuma uji wake chini.

Ufundi huu ulianza Marekani katika miaka ya 1950, ndani ya kampuni ya Union Carbide. Wakati huo ulitumia gesi za bei na mashine nzito za viwandani. Mashine ndogo zinazotumia hewa ya kawaida ya kompresa zilienea baadaye, na hizo ndizo zinazotufikia.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu shalimo, na ndilo linaipa plasma thamani yake. Shalimo haiyeyushi chuma tu, inakichoma: oksijeni inakula chuma chenye joto. Kwa hiyo inakata vizuri chuma cha kawaida, lakini inox na aluminiumu zinaikatalia. Plasma haijali. Chochote kinachopitisha umeme inakikata: chuma, inox, aluminiumu, shaba. Kwa ateliye inayotengeneza matangi ya maji, meza za jikoni za hoteli au sehemu za vinu vya mahindi, huo ni mlango mpya wa kazi.

Si kila ateliye inaihitaji

Hapa lazima tuseme wazi, hata kama wauzaji wa kenkayeri hawatafurahi. Fundi ambaye kazi yake kubwa ni kukata tibi za 40 kwa 40, korniyeri na fer à béton hana haja ya plasma. Disiki inamtosha, na kwa tibi inaacha ukingo ulionyooka kuliko mkono wa mtu mwenye torshi. Anayekata vyuma vizito sana, kwa mfano milimita 25 na kwenda juu, kwenye mashine za barabara au mabaki ya malori, bado shalimo inamfaa zaidi. Mashine ya plasma ya kukata unene huo ni kubwa, inataka umeme wa awamu tatu, na bei yake ni ya kiwanda.

Anayefaidika ni yule wa katikati. Anakata toli nyingi za milimita 1,5 hadi 10, anatengeneza portaye zenye maua na mishale, bodi za malori, milango ya madepo, plati za nguzo. Huyo, kabla ya kwenda dukani, achukue daftari mwezi mmoja tu. Aandike disiki ngapi zimeisha, saa ngapi vijana wametumia kukata na kulainisha kingo, na mita ngapi za toli wamekata. Kama mita zenyewe ni chache, ni heri kumlipa jirani mwenye mashine. Katika miji yetu inawezekana pia ateliye tatu za avenue moja kuchanga pesa, mashine ikae kwa mmoja na wengine walipe kwa mita.

Kuna sababu nyingine ya kuiangalia plasma, nayo ni karbire. Pale ambapo chupa za asetileni ni adimu au ghali, mafundi hutengeneza gesi wenyewe kwa kutia karbire ndani ya maji. Kilo moja inatoa karibu lita 300 za asetileni. Gesi hiyo haivumilii kubanwa: ikipita presha ya bari 1,5 inaweza kulipuka yenyewe, hata bila cheche. Jenereta za karbire zilizotengenezwa kwa fûts za zamani, bila valvu ya usalama, zinakaa mita chache kutoka mahali watoto wanapopita. Plasma haina chupa wala karbire. Ina hatari zake, tutazifikia, lakini hiyo imeondoka.

Plaki ya mashine inasema mengi kuliko muuzaji

Kila mashine iliyotengenezwa kwa utaratibu ina plaki nyuma au pembeni. Kwenye katoni wanaweza kuandika wanachotaka. Kwenye plaki, kama ni ya kweli, kuna herufi ambazo fundi anapaswa kuzisoma kabla ya kutoa dola.

Ya kwanza ni I2, yaani ampere zinazotoka kwenye torshi. Kwa mashine nyingi zinazouzwa huku ni 40 au 50. Ya pili ni X, inayoandikwa kwa asilimia. Hiyo inaeleza dakika ngapi kati ya kumi mashine inaweza kukata bila kupumzika. X 60% kwenye ampere 40 ina maana dakika sita kazi, dakika nne mapumziko. Ukiona 20%, ujue kwa nguvu hiyo unakata dakika mbili na kungoja nane. Kwa kazi ya portaye moja si neno, kwa siku nzima ya toli ni mateso.

Kuna pia U1 na I1: umeme unaoingia. Hapa ndipo uongo unapojulikana, na hesabu yake haihitaji shule kubwa. Kanuni za kimataifa zinapima mashine za plasma kwa volti ambazo ni 80 ukiongeza ampere mara 0,4. Mashine ya ampere 40 basi inapimwa kwa volti 96. Zidisha 96 kwa 40, unapata wati 3.840 zinazotoka. Mashine yenyewe inapoteza kidogo njiani, kwa hiyo inahitaji kuvuta karibu wati 4.500. Sasa angalia fishi yake. Kama ni fishi ya kawaida ya ampere 16, kwenye volti 230 inapitisha wati 3.680 peke yake. Mashine hiyo haiwezi kukupa ampere 40 kwa kazi ya kudumu, hata kama katoni imechorwa simba. Ama plaki inadanganya, ama fishi itaungua.

Kuhusu unene, wauzaji wanapenda namba moja kubwa. Watengenezaji waaminifu wanatoa tatu. Chukua mfano wa Powermax45 XP ya kampuni ya Marekani Hypertherm, ya ampere 45. Kiwandani wanasema inakata milimita 16 kwa mwendo wa milimita 500 kwa dakika, milimita 22 kwa mwendo wa 250, na inakatisha milimita 29 kwa mwendo wa 125. Milimita 500 kwa dakika ndio mwendo ambao mkono wa mtu unaweza kuushika bila kutetemeka na kuacha ukingo mzuri. Namba ya tatu ni ya kutenganisha vyuma tu, ukingo unabaki kama jiwe la lava. Basi, muuzaji akikuambia mashine ndogo ya ampere 40 "inakata 12", muulize ni 12 ya namna gani. Kwa kazi safi ya kila siku, hesabu milimita 6 hadi 8 na utabaki na amani.

Tena, kukata kutoka pembeni si sawa na kutoboa katikati ya toli. Wakati wa kutoboa, uji wa chuma unaruka juu na kupiga mdomo wa torshi. Unene unaoweza kutobolewa ni mdogo kuliko ule unaokatwa kutoka ukingoni.

Umeme wa Goma, umeme wa Bukavu

Bukavu inategemea SNEL na maji ya Ruzizi. Goma ina umeme wa Ruzizi na pia ule unaotoka Matebe, huko Rutshuru, kituo cha megawati 13 kilichozinduliwa Desemba 2015. Katika miji yote miwili kila mwenye ateliye anajua hadithi ya saa za jioni: taa zinakuwa nyekundu, posti ya kusudire inakataa kushika baguette, fundi anafunga kazi.

Plasma ni mchoyo zaidi kuliko posti. Mashine ya kawaida ya ampere 40, isiyo na kifaa cha kusawazisha umeme ndani yake, inaweza kuvuta ampere 28 kwenye volti 230. Volti zikishuka hadi 180, mashine inajaribu kupata nguvu ileile, kwa hiyo inavuta karibu ampere 36. Hapo disjonkteri inaruka, au mashine inajizima, au mbaya zaidi, vipande vyake vya elektroniki vinaungua. Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe hili: mashine hii inavumilia volti ngapi kutoka na kwenda? Zenye kifaa hicho cha kusawazisha zinauzwa ghali zaidi, lakini zinavuta ampere chache na zinavumilia umeme unaopanda na kushuka. Kwa miji yetu, pesa hiyo ya ziada haipotei.

Mara nyingi kosa haliko kwa SNEL wala kwa kampuni nyingine. Liko kwenye waya wa ateliye yenyewe. Fundi ananunua waya wa shaba wa 1,5, anauvuta mita 50 kutoka kwenye kontere. Kwa ampere 28, waya huo unakula peke yake zaidi ya volti 30. Umeme ulioingia 220 unafika kwenye mashine ukiwa karibu 187. Waya wa 6 kwa urefu uleule unapoteza volti 8 tu. Tofauti ya bei ya waya ni ndogo kuliko bei ya mashine, na waya haukimbii. Angalia pia kiasi ambacho mkataba wako na kashi pawa yako vinaruhusu, kwa sababu kompresa nayo itakuwa inavuta wakati uleule.

Wanaonunua Kampala au Nairobi wajihadhari na fishi. Huko wanatumia ya pini tatu za mstatili, ile ya Kiingereza, yenye fyuzi ya ampere 13 ndani. Kuitia adapta ya soko na kuchomeka mashine ya plasma ni kutafuta moto wa nyumba. Ikatwe, iwekwe fishi nene ya kiwandani au iunganishwe moja kwa moja kwenye disjonkteri yake.

Na jenereta je? Wengi wanategemea gurupu la petroli lililoandikwa kVA 6,5. Ukitoa maandishi ya biashara, hilo linatoa kama kilowati 5 likiwa usawa wa bahari. Sisi hatuko usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1.500 juu, Butembo juu zaidi. Hewa ni nyepesi, injini inakosa pumzi: inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwa Goma ni kama asilimia 15. Kilowati 5 zinakuwa 4 na kidogo. Plasma ya ampere 40 peke yake inataka zaidi ya hapo, bado kompresa ya kilowati moja na nusu au mbili inayoruka na nguvu nyingi kila inapowaka.

Kuna njia mbili. Ama jenereta kubwa, kilowati 8 hadi 10 za kweli. Ama kupunguza ampere. Mashine hiyohiyo ukiishusha hadi ampere 25, inavuta chini ya kilowati 3, na bado inakata toli ya milimita 3 hadi 5 vizuri kabisa. Kwa portaye haihitajiki zaidi. Anayefanya hivyo awashe kompresa kwanza, iijaze tangi, ndipo aanze kukata.

Hewa, adui asiyeonekana

Ukisikia mtu anasema mashine ya plasma "inakula" vipuri, mara nyingi ugonjwa uko kwenye kompresa. Mashine za ampere 40 hadi 45 zinaomba, kulingana na torshi, kati ya lita 100 na 190 za hewa kwa dakika, kwa presha ya bari 4,5 hadi 6. Powermax tuliyoitaja inataka lita 188 kwa bari 5,9.

Kwenye kompresa imeandikwa kwa mfano lita 200. Fundi anasema: inatosha. Lakini hiyo ni hewa inayovutwa na pistoni, si ile inayotoka. Kompresa ndogo inarudisha karibu asilimia 60 yake, basi lita 120. Tena hapa kwetu urefu wa milima unatoza kodi: kwa mita 1.500 presha ya hewa ni kama asilimia 83 ya ile ya pwani, na kompresa inameza hewa nyepesi. Lita 120 zinakuwa 100.

Tangi linasaidia kwa muda. Tangi la lita 100 likishuka kutoka bari 8 hadi 6 linatoa lita 200 za hewa. Torshi inayokula 190 inaimaliza kwa dakika moja hivi. Kama kompresa inarudisha 100 wakati huohuo, unapata dakika mbili na sehemu, kisha mwale unalegea, kingo zinachafuka, mdomo wa torshi unapata joto. Kwa kukata vipande vifupi na kupumzika, hiyo inaweza kutosha. Kwa kukata toli nzima ya mita 2,5, fundi atasimama katikati. Anayenunua kompresa mpya achukue ya farasi 3, tangi la lita 100 na zaidi.

Kisha kuna maji. Kompresa inapobana hewa ya Kivu wakati wa mvua, unyevu wake unageuka matone. Yakifika kwenye torshi, mwale unapiga kelele na kutapika, elektrodi iliyotakiwa kudumu siku kadhaa inaisha kabla ya chakula cha mchana. Kichujio kidogo cha kioo kinachouzwa pamoja na mashine hakitoshi peke yake. Njia isiyo ya gharama ni kupitisha hewa kwanza kwenye tibi ya chuma ya mita chache ili ipoe na kuacha maji, kisha kichujio kizuri, kisha chupa ya chembe za kukausha. Na tangi lifunguliwe chini kila jioni, maji yatoke. Kijana mdogo wa ateliye anaweza kupewa kazi hiyo, nayo isisahauliwe hata Jumamosi.

Kipimo chake ni rahisi. Achia hewa ya torshi bila kuwasha mwale, iipulize kwenye kioo kisafi kwa dakika moja. Kioo kikipata ukungu au alama ya mafuta, usikate kwanza.

Zipo pia mashine zenye kompresa ndani yake, nyingi za ampere 25 au 30. Zinapendeza kwa fundi anayefuata kazi nyumbani kwa watu, kwa sababu anabeba kitu kimoja begani. Zisitegemewe kwa toli ya zaidi ya milimita 5 au 6.

Jina kubwa au CUT-40?

Hapa mabishano hayaishi. Upande mmoja kuna majina kama Hypertherm, ESAB ya Sweden, GYS ya Ufaransa, Telwin na Cebora za Italia. Upande mwingine kuna mashine za China zinazouzwa kwa jina la CUT-40, CUT-50, CUT-60, chini ya alama nyingi. Powermax ya ampere 45 inauzwa Marekani zaidi ya dola 2.000, kabla ya safari na forodha. CUT-40 inapatikana kwenye maduka ya intaneti kwa mia chache.

Kwa maoni yetu, kwa ateliye ndogo ya Kivu jina si la kwanza. La kwanza ni vipuri. Mdomo na elektrodi vinaisha kama disiki zinavyoisha. Mashine ya dola 2.000 isiyo na elektrodi ni benchi la kukalia. Kwa hiyo soma jina la torshi, si jina la mashine. PT-31, S45, AG-60 na P80 ni torshi ambazo vipuri vyake vinatengenezwa na viwanda vingi na vinafika kwa wafanyabiashara wanaosafiri. Torshi ya kipekee ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa bora, lakini uwe na mtu wa kuaminika Kampala, Kigali au Dubai wa kukutumia. Katika hali zote mbili, nunua vipuri pamoja na mashine: angalau midomo 20 na elektrodi 10.

La pili ni namna mwale unavyowaka. Mashine za bei ndogo sana hazina mwale wa kuanzia. Lazima mdomo uguse chuma ndipo uwake. Hizo zinamaliza midomo na zinagoma kwenye toli yenye rangi au kutu. Zenye mwale wa kuanzia zinawaka hewani, zinakata hata wavu na chuma kilichopakwa rangi. Kati ya hizo, nyingine zinawasha kwa cheche za masafa ya juu, ambazo zinasumbua redio, simu na kompyuta zilizo karibu. Anayeota kuweka siku moja meza ya kompyuta inayokata maua ya portaye yenyewe, achague tangu leo mashine isiyotumia cheche hizo.

Elektrodi ya hewa ina kitone cha hafniamu katikati. Shimo lake likifikia kina cha milimita moja na nusu, ibadilishwe, na mdomo pamoja nayo. Kuendelea kwa siku moja zaidi kunaweza kuua torshi nzima. Na vijana wazuiwe kuwasha mwale hewani kwa kuonyesha wageni: kila kuwasha ni kipande cha elektrodi kimekwenda.

Hatari zake

Posti ya kusudire ikiwa haifanyi kazi ina kama volti 80 kwenye baguette. Plasma inaweza kuwa na 250 hadi 300 kwenye torshi. Hiyo inaua. Mdomo haubadilishwi kabla mashine haijazimwa, na kazi haifanywi umesimama kwenye maji ya mvua, jambo ambalo katika ateliye zetu zisizo na kuta ni la kila siku kati ya Septemba na Mei. Mashine iunganishwe na waya wa ardhini wa kweli, si msumari uliopigwa kwenye jiwe la volkano.

Miwani ya jua haisaidii. Kwa ampere 40 kioo cheusi cha namba 6 hadi 8 kinafaa. Anayetumia barakoa yake ya kusudire ya namba 9 au 10 yuko salama ingawa ataona giza kidogo. Manjanja na tibi zenye zinki zinatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku, ambayo wengi wanaidhania malaria. Zikatwe mahali upepo unapita, fundi akiwa upande upepo unakotoka.

Na fûts. Ateliye nyingi zinanunua fûts za mafuta kwa ajili ya toli yake. Fût iliyokuwa na petroli au mazutu, hata ikionekana kavu, ina mvuke ndani. Ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ijazwe maji karibu hadi mahali pa kukata, ndipo torshi isogee. Isiyojulikana ilikuwa na nini, iachwe.

Siku ya kulipa

Usinunue kwa kuona taa inawaka. Nenda dukani na kipande cha toli ya milimita 6 na saa. Omba mashine iunganishwe kwenye kompresa, iwekwe kwenye ampere ya juu, na ukate kwa mfululizo dakika tatu. Hesabu sentimita: mwendo wa sentimita 50 kwa dakika usiwe shida. Cheche zote ziende chini. Zikirudi juu, ama mwendo ni mkubwa ama nguvu ni ndogo. Shika fishi na waya: zikiwa za moto kiasi cha kutoshikika, ni nyembamba. Geuza kipande uone uji ulioganda chini, kama unaanguka ukigongwa kwa nyundo au unataka disiki.

Muuzaji akikataa kuwasha, wapo wengine Birere na Kadutu. Akikubali, mwambie aandike kwenye fakture jina la torshi, namba ya mashine na siku za garanti, na atie mhuri. Kisha ufungue mfuniko wa kisanduku cha vipuri mbele yake, uhesabu midomo mmoja mmoja.